Namna ya Kuanza Kuisikiliza Grateful Dead

Ukitaka kuifahamu Grateful Dead, bendi ya roki iliyoanzishwa California mwaka 1965 na kudumu hadi kifo cha mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, mwaka 1995, usianze na albamu ya kwanza, kwa kuwa wakati huo umahiri wao ulikuwa bado haujakomaa. Anza na American Beauty ya mwaka 1970, ambayo nyimbo zake ni fupi na sauti za waimbaji zimepangwa kwa makini. Ukishaizoea, hamia kwenye rekodi za jukwaani, maana huko ndiko bendi hii ilikoishi hasa: wimbo mmoja uliweza kurefushwa kupita dakika 20, na mpangilio wa nyimbo ulibadilika usiku hadi usiku. Live/Dead ya mwaka 1969 inafaa, ingawa masikio mageni huenda yakachoka mapema. Kisha tafuta onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell, ulisikilize lote bila kuruka wimbo. Kwa kuwa mashabiki waliruhusiwa kurekodi, kanda ni nyingi mno. Chagua mwaka mmoja kwanza, ufuatilie jinsi wimbo uleule ulivyogeuka kutoka jukwaa moja hadi jingine.