Simu ya Bibi: Namna ya Kuiandaa Imkae Mkononi

Simu janja nyingi za wazee wa Tanga zinalala kabatini. Mtoto aliyeko Dar kaileta sikukuu ya Idi, kaiwasha, kamwonyesha mama mara moja, kapanda basi karudi zake. Wiki ya pili mama amerudia kitochi chake. Watu husema ni uzee, lakini simu hiyo ilitoka dukani imepangwa kwa kidole na jicho la kijana, na hakuna aliyeipanga upya.

Tenga saa mbili siku ya kwanza, kisha nusu saa kila siku kwa muda wa wiki. Kabla hujagusa kitu, muulize sasa hivi siku yake inapita na nini: redio ya asubuhi, taarabu, mawaidha, gazeti, habari za ukoo. Simu imfuate kwenye hayo. Ukianza na Facebook kwa sababu wewe ndiyo unayoipenda, umeshampoteza.

Kidole na jicho kwanza

Kioo cha simu husikia umeme mdogo unaopita kwenye ngozi yenye unyevu, na ngozi ya mtu mzima huwa kavu. Bibi anagusa, simu haiitiki, anabonyeza kwa nguvu zaidi. Nguvu haisaidii kitu. Anawe mikono, ajifute bila kukauka kabisa, kisha aguse kwa nyama ya kidole, si kwa ncha ya ukucha. Protekta ya kioo ikiwa nene au imepasuka, ibandue.

Kosa la pili ni kuchelewa kuinua kidole. Simu inadhani ameshikilia, alama za programu zinaanza kuhama, na WhatsApp "inapotea". Ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, tafuta muda wa kugusa na kushikilia, uweke mrefu. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo simu na simu, ila jambo lenyewe lipo kwenye Android nyingi. Halafu funga mpangilio wa skrini ya mwanzo ili alama zisihame, zima skrini kujizungusha, na ongeza muda wa skrini kuzimika. Nyingi hutoka dukani zikizima baada ya sekunde 30. Mpe dakika 2 au zaidi, maana anasoma polepole na kila inapozimika anadhani ameiharibu.

Maandishi yakuze mpaka ayasome simu ikiwa shibiri mbili kutoka usoni, yaani sentimita 40 na kitu. Usifike ukubwa wa mwisho kabisa. Hapo vitufe vya chini husukumwa nje ya skrini, naye anabaki anatafuta "Sawa" asiyoiona. WhatsApp ina ukubwa wake peke yake: Mipangilio, Gumzo, Ukubwa wa fonti, Kubwa.

Miwani ya kusomea, ile ya kati ya +1.00 na +3.00, ya dukani huwasaidia wengi, lakini vioo vyake viwili vina nguvu sawa na macho ya mtu mara nyingi hayalingani. Akiona ukungu hata akiwa na miwani, au taa za usiku zimezungukwa na duara la mwanga, huenda ni mtoto wa jicho. Mpeleke akapimwe macho hospitali ya Bombo. Hakuna fonti inayotibu hilo.

Alama za vidole pia husumbua. Mikono iliyosuka ukili na kukuna nazi miaka hamsini imelainika mistari, na simu haiitambui. Tumia namba ya siri, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

Mwisho, safisha skrini ya mwanzo. Vibaki vitu sita: simu, WhatsApp, kamera, redio, YouTube na programu ya kusomea. Chini yake weka picha za watu wanne anaowapigia sana, kila picha ikipiga moja kwa moja.

WhatsApp, kwa sauti

Usianze na kuandika. Anza na ujumbe wa sauti, na mfundishe kwa hatua hizi hizi: ashikilie kipaza sauti, asogeze kidole juu mpaka kwenye kufuli, aachie, aongee kwa nafasi, kisha aguse mshale wa kutuma. Lile kufuli ndilo jambo kubwa. Bila hilo kidole kikiteleza katikati ya salamu, ujumbe unakatika, na baada ya mara tatu atakata tamaa. Mwache arudie mara kumi akikutumia wewe uliyekaa naye ukumbini. Mkono wako usiguse simu yake hata mara moja.

Kwa anayependa kuandika, wako wazee wa pwani waliosoma madrasa tu na wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizuri kabisa. Waongezee kibodi ya Kiarabu, au ya Kiajemi ambayo ina herufi za p na ch. Uso wa mzee hubadilika akiiona.

Kisha magroup. La ukoo, la mtaa, la harusi ya mjukuu, la waliosoma pamoja. Ingia Hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video wenyewe. Kadi za "Ijumaa Karim" peke yake hujaza simu ndogo, na ikijaa, WhatsApp inagoma na mzee analaumiwa bure. Mara moja kwa wiki mjukuu aingie Dhibiti hifadhi afute video kubwa. Kwenye Faragha, Vikundi, chagua kwamba walio kwenye majina yake tu ndio waweze kumwingiza kwenye kundi.

Mwonyeshe mishale miwili juu ya ujumbe. Maana yake umepita kwa watu watano au zaidi mfululizo kabla ya kumfikia. Ujumbe wa namna hiyo ukisema majani fulani yanaponya presha, aulize kliniki kwanza. Dawa zake asiziache.

Matapeli nao wanajua namba za wazee. "Ile hela itume kwenye namba hii" haijibiwi. Huduma kwa wateja ya mtandao hupiga kwa namba 100. Anayejiita wa mtandao na anatumia namba ya kawaida ya tarakimu kumi ni mwongo, akatiwe. Namba za matapeli zinaripotiwa kwenda 15040, na kwa *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tarakimu sita ambazo WhatsApp humtumia kuthibitisha namba yake haambiwi mtu yeyote, hata sauti iwe ya mpwa wake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Akaunti, na namba ya siri utakayoiweka hapo iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Redio na taarabu bila kumaliza bando

Mzee anayesuka ukili au kuchambua mchele anahitaji sauti, kwa kuwa macho na mikono vina kazi. Kwa hiyo redio ipewe nafasi mbele ya video. Kama simu ina redio ya FM, chomeka earphone za waya hata kama anasikiliza kwa spika, kwa kuwa ule waya ndio antena. Wengi hudhani redio mbovu kumbe wametoa waya. FM haili bando hata kidogo.

Redio ya intaneti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Video ya YouTube ya 360p hula kama MB 300 kwa saa. GB 1 basi ni saa 35 hivi za redio, au saa tatu na kidogo za video. Mwandikie hesabu hiyo kwenye daftari, maana akiijua atachagua mwenyewe. Kwenye YouTube weka ubora wa kuokoa data na uzime video kujiendeleza yenyewe. Bibi akisinzia adhuhuri, bando lote linateketea amelala.

Kutafuta, atumie kipaza sauti cha kibodi kilichowekwa Kiswahili. Aseme "Black Star Musical Club Tanga", "Lucky Star taarabu", au kama ni mzee wa dansi, "Atomic Jazz". Akipata anazozipenda, zihifadhi kwenye orodha moja, na alama ya orodha hiyo umfundishe kuifungua. Wajukuu wasiangalie katuni kwenye simu hiyo. YouTube hufuata kilichotazamwa, na kesho yake ukurasa wa bibi umejaa katuni.

Kusoma

Hapa watu hukosea jambo moja: hupakua kitabu cha PDF. PDF ni kama picha ya ukurasa. Ukikuza herufi, mstari unatoka nje na mzee anasukuma kushoto kulia kila sentensi. Tafuta faili la EPUB. Humo maneno hujipanga upya kila unapokuza, na mistari haitoki kwenye skrini. Gazeti alisome kwenye tovuti kwa kivinjari chenye maandishi makubwa, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni hazina kwa mtu anayependa historia za miji.

Asome asubuhi, baada ya chai, barazani kwenye kivuli, mwanga ukitokea ubavuni ili kioo kisimwakie usoni. Dakika 20, kisha aangalie mbali mnazini. Jicho likichoka, washa kipengele cha kusomewa maandishi kilichoko Ufikivu na uchague sauti ya Kiswahili. Matamshi yake yana ukavu, lakini habari inaeleweka.

Na kitabu cha karatasi kisitupwe. Maktaba ya mkoa pale mjini inafikika kwa bajaji.

Siku ya kuondoka, daftari liwe na mambo manne kwa herufi kubwa: namba ya siri, namna ya kuangalia salio la bando, namba ya mjukuu wa karibu, na ile hesabu ya redio na video. Basi likifika Segera, mpigie, msalimie shikamoo, umwombe akutumie ujumbe wa sauti. Ukiingia, yuko sawa. Usipoingia, mpigie mjukuu akae naye jioni hiyo hiyo, amwelekeze kwa mdomo, mikono ikiwa mapajani.