Hesabu akiba ya kipindupindu ukiwa mwaloni, wakati wa giza

Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa maji kabisa kwa kipindupindu anatakiwa aingiziwe lita 5 za dripu ya Ringa Lakteti ndani ya saa 3, na lita moja na nusu kati ya hizo ziingie katika nusu saa ya kwanza. Meli ya Mwanza hadi Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, nayo hutembea saa tatu na zaidi, na ukishafika Nansio bado hujafika kisiwa cha Ukara wala makambi ya wavuvi. Mimi ni mfamasia wa halmashauri, kazi yangu ni visiwa, na mpango wangu wote wa dharura unatokana na hesabu hiyo: dripu iliyoko bohari ya Mwanza, kwa mgonjwa wa kisiwani ni kama haipo.

Anza na idadi ya watu. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, kwa sababu mpangaji huchukua namba za sensa ya 2022 na kuishia hapo. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavutwi na taa, watu wanarudi makwao na mwalo, yaani ufuko wa kupakulia samaki, unapoa. Giza likirudi, mwalo unafurika: wavuvi, wachuuzi, kina mama wanaoanika dagaa, mama lishe na watoto wao, wote wanachota maji ziwani hapohapo, na vyoo havitoshi. Nenda kwa katibu wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, muulize giza likikolea hutoka mitumbwi mingapi na kila mmoja hubeba watu wangapi. Kisha tembea mwaloni uhesabu wa nchi kavu. Namba utakayopata ndiyo ya kupangia, hata kama haifanani na ya kitabuni.

Tuseme kata ina wakazi 20,000 na mialo yake hukusanya watu 5,000. Kwa wakazi wa kawaida, tumia makadirio ya wagonjwa asilimia 0.2, ambayo hutumika sana katika mipango ya kipindupindu. Hao ni 40. Kwa mialo mimi hupandisha hadi asilimia 1, kwa ule msongamano na yale maji, na sijawahi kuona sababu ya kushusha. Hao ni 50. Jumla wagonjwa 90.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwa kila wagonjwa 100 andaa pakiti 650 za ORS (chumvi za kuchanganya na maji ya kunywa), lita 120 za Ringa Lakteti pamoja na mipira yake, na antibiotiki ya doksisaiklini ya miligramu 100 vidonge 60, kwa makadirio kwamba wagonjwa 20 watakuwa na hali mbaya na kila mmoja atakunywa vidonge vitatu kwa mara moja. Kwa wagonjwa wetu 90 inakuja ORS 585, lita 108 na vidonge 54. Ongeza kanula nene (sindano za plastiki za kupitishia dripu mshipani), zinki ya watoto, glovu, ndoo zenye koki na vitanda vyenye tundu. Angalia sana kipimo unapoagiza dripu. Chupa nyingi ni za mililita 500, kwa hiyo lita 108 ni chupa 216. Anayeandika 108 kwenye fomu bila kutaja ujazo anaweza kupokea nusu ya alichohitaji na karatasi zikasomeka sawasawa.

Klorini ya unga ya asilimia 70 ina hesabu yake: gramu 15 kwa ndoo ya lita 20 kwa maji ya kunawa mikono, gramu 60 kwa ndoo hiyohiyo kwa sakafu na vitanda. Usiihifadhi chumba kimoja na dripu, maana hewa yake hula vyuma na kuharibu vifungashio. Na kwenye mtumbwi, tafadhali, isikae karibu na dumu la petroli au mafuta ya injini. Vikigusana vinaweza kuwaka moto, na katikati ya ziwa hakuna pa kukimbilia.

Fedha ziingizwe kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri mapema. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na vuli huanza Oktoba, basi oda ipande Julai. Bohari ya Dawa wakikosa kitu, usikae kungoja. Chukua uthibitisho kwamba hakipo uende kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeingia mkataba. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewarahisishia sana wa Sengerema na Geita, ila sisi wa ng'ambo bado tunategemea vyombo vya majini.

Chanjo ya kipindupindu usiifanye nguzo. Inatoka kwenye akiba ya dunia, huombwa na serikali, na tangu Oktoba 2022 wakati wa mlipuko hutolewa dozi moja badala ya mbili kwa sababu ya uhaba. Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ndiyo kabisa, haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Ilipoingia Kagera mwaka 2023 ikaua watu 6 kati ya 9, mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba. Kwa ugonjwa wa namna hiyo akiba yako ni mavazi ya kujikinga na dripu zilezile, basi weka seti chache kwenye kila kituo cha kisiwani.

Kinachoniuma zaidi ni dripu kuisha muda stoo huku wodini hazipo. Akiba ya dharura isifungiwe ikasahaulika. Kila mzigo mpya ukifika kisiwani, ingiza huo kwenye akiba, na ule wa zamani uende wodini ukatumike, inayokaribia kuisha muda ikitangulia. Andika kwenye kadi ya stoo kiwango cha chini kisichoguswa bila mganga mfawidhi kujua. Ufunguo wa pili akae nao mtu anayelala hapohapo kisiwani, na namba yake ya simu ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa.