Kuweka Maven kwenye Windows, kazi yenyewe iko kwenye Java

Maven, ile zana ya kujenga miradi ya Java na kuishushia maktaba inazohitaji, haina ile seti-apu ya kubofya Next Next mpaka mwisho, na hapo ndo wengi wanapochanganyikiwa wanabaki kutafuta faili la exe ambalo halipo. Ni zipu tu, unaifungua unaionyesha Windows ilipo, basi.

Ila kabla hujaigusa hakikisha Java iko sawa. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) andika java -version, af andika javac -version. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, mara nyingi maana yake una JRE tu, inaendesha programu lakini haina kompaila, sasa Maven itajenga na nini? Weka JDK kamili, yaani Java yenye kompaila ndani yake. Maven 3.9 inakubali kuanzia Java 8 lakini kama unaanza upya weka 17 au 21 tu usijisumbue na za zamani. Mi napenda Temurin ya Adoptium, ni JDK ya bure, na wakati wa kuinstoli kuna sehemu ya kuseti JAVA_HOME (jina linaloiambia Maven JDK iko wapi) ambayo huwa imezimwa, iwashe hapo hapo itakuokolea kazi.

Kama ulishapita bila kuiwasha, bofya Start andika env, chagua Edit the system environment variables, kisha kitufe cha Environment Variables kile cha chini. Bofya New, jina JAVA_HOME, pale kwenye value pesti njia ya folda la JDK, ISHIE KWENYE FOLDA LENYEWE usiongeze \bin. Ukiongeza, mvn (amri ya Maven) itakuambia JAVA_HOME is not defined correctly na utakesha.

Sasa ingia maven.apache.org ukurasa wa Download, chukua Binary zip archive, usichukue Source, hiyo ni code (msimbo) ya Maven yenyewe. Ukitumia Extract All ya Windows angalia vizuri, huwa inatengeneza folda ndani ya folda, kwa hiyo ingia mpaka uone bin, boot, conf na lib, hilo ndo folda la kuhamishia C:\. Rudi kule kwenye Environment Variables, chagua Path (orodha ya folda ambamo Windows inatafuta amri), Edit, New, pesti njia ya Maven na HUKU SASA unamalizia na \bin, yaani kinyume cha JAVA_HOME. Mambo ya M2_HOME utakayoyakuta kwenye maelezo ya zamani achana nayo, tangu 3.5.0 hayahitajiki. Na usitumie amri ya setx kuongeza Path, inakata maandishi yakizidi herufi 1024 na Path yako nyingine inaondoka hivyo hivyo.

Funga CMD uliyokuwa nayo ufungue mpya, maana ya zamani haijui mabadiliko, andika mvn -v. Ikileta toleo la Maven na la Java umemaliza, angalia tu kama Java iliyotajwa ndo ile uliyoitaka, kompyuta yenye JDK mbili huwa inachanganya.

Kingine, mara ya kwanza ukipiga mvn package itashusha mafaili kibao, usidhani imeharibika, yote yanaenda kwenye folda la .m2 ndani ya folda lenye jina lako la Windows. Fanya hiyo ukiwa na wifi. Folda hilo la .m2 usilifute ukisafisha kompyuta, na siku bando limekata piga mvn -o package, itatumia yaliyomo humo bila kugusa intaneti, ili mradi hujaongeza dependensi mpya, yaani maktaba nyingine ambayo mradi wako unaitegemea.