Mbeya hadi Livingstone kwa gari, wawili, hela ya kuhesabu: mambo ya kuzingatia kabla

Wapo watu wengi hapa Mbeya ambao Tunduma wanaenda na kurudi kila wiki, ila ukiwaambia wavuke mpaka waendelee mbele ndani ya Zambia wanaona hiyo ni kazi ya madereva wa malori. Barabara ni ileile. Mbeya mjini hadi mpakani ni kilomita mia moja na kidogo. Ukishavuka Nakonde inaendelea Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe mpaka Lusaka, kama kilomita 1,000. Lusaka hadi Livingstone, yalipo maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), ongeza zaidi ya 470. Kwa hiyo kwenda tu ni takriban kilomita 1,600, na watu wawili wenye gari dogo lililo zima wanaimudu bila kuuza shamba.

Ila nawaambieni ukweli kutoka moyoni: hela ya safari kama hii haiishii kwenye mafuta. Mafuta yanahesabika. Inaishia kwenye mambo mliyoyaacha mkayamalizie mpakani, na kwenye mambo ambayo nyie wawili mliona aibu kuulizana mkiwa bado nyumbani. Ndiyo maana naanza na hilo la pili, maana wengi wanalianza mwisho au hawalianzi kabisa.

Kaeni chini wiki kadhaa kabla, mtaje viwango. Si "tutaangalia hukohuko". Kila mmoja aseme ana shilingi ngapi anazoweza kutumia zikaisha na maisha yakaendelea akirudi. Bajeti ya safari ni ya yule mwenye kidogo. Kama mmoja ana laki nane na mwenzake ana milioni mbili, safari ipangwe kwa laki nane, na huyo mwenye nyingi akitaka chumba kizuri zaidi au boti ya jioni Zambezi, alipe mwenyewe bila kumfanya mwenzake ajione mzigo. Nimeona urafiki wa miaka ukipoa kwa sababu ya sahani mbili za kuku.

Halafu wekeni mfuko wa pamoja. Kila mmoja anatia kiasi sawa, mmoja anaushika, mwingine anashika daftari. Kinachotoka kwenye mfuko huo ni mafuta, tozo za barabara, malazi, chakula cha kawaida na maji. Bia, soda za ziada, vocha ya kuongea na mchumba na zawadi za nyumbani, kila mtu mfukoni mwake. Usiku mkishafika mnapolala, fungueni daftari dakika tano, mlinganishe. Dakika tano hizo zinaokoa mengi, kwa sababu kosa la kwacha 50 za Zambia likionekana usiku uleule ni kosa, likionekana siku ya sita linageuka tuhuma.

Kuna swali gumu zaidi ambalo marafiki wanalikwepa: gari ni la nani, na likiharibika nani analipa? Mawazo yangu ni haya. Kilichochoka kabla ya safari ni cha mwenye gari: tairi lililoisha kashata, betri ya miaka minne, breki zilizokuwa zinalia tangu Januari. Kilichotokea njiani kwa bahati mbaya, kama pancha, kioo kupigwa jiwe au rimu kupinda kwenye shimo, kitoke mfuko wa pamoja. Na kwa kuwa kilomita 3,200 zinalichakaza gari la mtu mmoja, ni haki huyo mwingine achangie sevisi ya kabla au ya baada. Kama hamkubaliani na mgawanyo wangu, tengenezeni wenu, lakini uandikwe kabla funguo haijawashwa.

Mwisho wa hela: kila mmoja awe na akiba yake isiyoguswa, ya kutosha kumrudisha nyumbani kwa basi peke yake. Dola zinafaa kwa hili. Zikae mbali na pochi, na mwenzako asizihesabu kwenye bajeti. Mmoja akiugua, mkikorofishana, au gari likilala gereji Mpika wiki nzima, akiba hiyo ndiyo inayofanya mtu afikiri vizuri.

Sasa makaratasi. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ni shilingi 150,000, na ombi linaanzia mtandaoni, kwa hiyo asiye nayo aanze mapema sana, siyo wiki ya kuondoka. Mwenye nayo aangalie imebakiza muda gani; ikiwa chini ya miezi sita, ishughulikie. Zambia Mtanzania haombi viza ya matembezi, unagongewa muhuri mpakani. Chanjo ya homa ya manjano nashauri muwe nayo hata kama hakuna atakayewauliza mara zote. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 dozi moja inatambulika maisha yote. Mtu akichomwa leo akaondoka kesho, ana karatasi isiyo na nguvu.

Gari lina makaratasi mengi kuliko nyie. Kadi halisi ya gari. Kama jina lililo kwenye kadi si lako, hata kama ni la baba yako mzazi, beba barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili, yenye namba ya gari, namba ya chesisi, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi mnazokwenda na tarehe. Kadi ikiwa imeshikwa na benki kwa mkopo, ombeni barua yao mapema. Bima ya kawaida ya hapa inaishia mpakani. Mnachohitaji juu yake ni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka chini ya Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo mnaipata kwa kampuni ya bima hapahapa nchini. Kanunueni Mbeya mkiwa mmetulia, mkisoma kila nchi iliyotiwa alama. Mkitaka kuvuka daraja la Kazungula, lililofunguliwa 2021, kuingia Botswana, jueni kadi hiyo haifanyi kazi kule. Kule bima ya wahanga wa ajali ina utaratibu wake.

Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha mpaka tangu 2019. Maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, upande wa nchi mnayoingia, hivyo mkienda mnamalizia Nakonde. Hapo gari linapewa kibali cha kuingia kwa muda, na kuna kodi ya kaboni pamoja na tozo ya barabara kwa magari ya kigeni. Hakikisheni forodha ya Tanzania nayo imeandika kwamba gari limetoka, ili siku ya kurudi lisionekane kama linaingizwa upya. Angalieni siku mlizopewa kwenye kibali kabla hamjatoka dirishani. Zikiwa chache kuliko safari yenu, semeni palepale, maana ukishaondoka ni hadithi nyingine.

Kabla hamjashika mlango wa gari watakuja vijana wa kuwasaidia makaratasi na vijana wa kubadilisha hela. Wengine ni watu wema kabisa wanaotafuta riziki. Mkimhitaji wakala, aonyeshe kitambulisho, mpatane bei ya kazi yake kwanza, na kila malipo ya serikali yatoke na risiti yenye namba ya gari lenu. Kwenye hela kuweni wakali zaidi. Angalieni bei ya kwacha asubuhi ile kwenye simu, badilisheni kidogo tu ya kuanzia kwenye duka lenye leseni, na hesabuni wenyewe. Mchezo wa mtaani unaojulikana ni noti iliyokunjwa katikati, ikahesabiwa mara mbili: kitita kinapita mbele ya macho yako kimejaa, ukikifungua garini ni pungufu. Mwingine ni kikokotoo kinachobonyezwa haraka haraka. Na kuna jambo jipya: Zambia ilitoa noti mpya tarehe 31 Machi 2025, zikiwemo za kwacha 200 na 500 ambazo toleo lililotangulia halikuwa nazo, na za zamani zikapewa mwaka mmoja tu wa kutumika sambamba. Msipokee noti za zamani, hata mkipewa bei tamu kiasi gani. Na msije mkachukua kwacha ya Malawi mkidhani ni ileile. Someni jina la benki kuu juu ya noti.

Hesabu ya mafuta ni nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula kama lita 270 kwenda na kurudi. Wekeni 300 kwa ajili ya kuzunguka Lusaka, foleni na kupotea. Hapa EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inatangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Zambia nao bei hupitiwa kila mwezi, kwa hiyo safari ikikatisha mwezi, bei ya kurudi inaweza isiwe ya kwenda. Jazeni tenki kabla ya mpaka, na ndani ya Zambia msiache lishuke chini ya nusu kati ya Nakonde na Serenje. Miji iko mbalimbali, katikati ni pori na vijiji.

Sevisi ya gari fanyeni wiki mbili kabla, kamwe siyo jana yake. Fundi akifungua kitu, apewe muda gari litembee ndipo kionekane kama kimefungwa sawasawa. Likimbizeni Uyole, mpeleke hadi Makambako na kurudi, mkisikiliza. Mlima Iwambi pale Mbalizi utawaambia kama breki zipo. Oili, kulanti, hosi za rejeta, mkanda wa feni na tairi nne pamoja na la spea lenye upepo wa kweli. Bebeni jeki inayofanya kazi (ijaribuni), spana ya gurudumu, fyuzi, balbu, kizimamoto, triango mbili, na stika za kuakisi mwanga: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Trafiki wa Zambia wanazitazama, na faini ya kitu cha elfu chache inauma.

Usiku msiendeshe. Hili sina mjadala nalo. Malori ya shaba yanapishana muda wote, mengine yameharibika yakaegeshwa barabarani na matawi ya miti badala ya triango, na kipande cha Mpika hadi Serenje kimekuwa na sifa ya mashimo kwa miaka. Kulala njiani kunaonekana gharama, lakini chumba kimoja chenye vitanda viwili Mpika ni rahisi kuliko rimu mbili. Pangeni siku tatu za kwenda: ya kwanza mvuke mpaka mapema na mlale Mpika au kabla, ya pili mfike Lusaka au Kabwe, ya tatu Livingstone. Mkivuka, rudisheni saa nyuma saa moja. Saa mbili asubuhi Tunduma ni saa moja asubuhi Nakonde. Kwenda mnapata saa ya bure, kurudi inachukuliwa.

Msimu unabadilisha kila kitu. Maji ya Mosi-oa-Tunya hujaa karibu na Aprili, ukungu ukawa mzito kiasi kwamba unalowa bila kuona vizuri. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kubaki jabali tupu sehemu kubwa, na joto ni kali. Kwa mfuko mdogo naona Juni na Julai ndiyo yenyewe: mvua hakuna, maji bado yapo, barabara kavu. Sisi wa huku juu, iwe Mbeya, Makete au Njombe, mbu hatujawazoea, kwa hiyo bebeni chandarua na mkapimwe malaria mkirudi na homa yoyote. Dawa za kikohozi na mafua zenye kodeini au difenhidramini acheni nyumbani, au muwe na cheti cha daktari. Zambia ni wakali na hizo, na watu wameshawekwa ndani kwa chupa moja.

Na kama hela ikigoma kabisa kufika Livingstone, msivunje safari. Chinsali, wilaya aliyozaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924, haiko mbali na mpaka, na mbele yake kidogo kuna jumba la Shiwa Ng'andu na chemchemi za maji moto za Kapishya. Hiyo ni safari ya siku nne, kama robo ya mafuta, na makaratasi ni yaleyale.

Chakula msihofu: nshima ni ugali, na samaki wapo. Ndizi, parachichi na viazi vya Mbeya vimalizeni kabla ya Nakonde, mazao mabichi huleta maswali. Nunueni laini ya Zambia kwa pasipoti, moja inawatosha wawili, na ramani ipakueni nyumbani kwa intaneti ya bei mnayoijua. Nakala za pasipoti na kadi ya gari zibaki kwa mtu mmoja Mbeya, pamoja na ratiba ya kulala na makubaliano kwamba mtampigia kila jioni mkifika. Tena hela ya mafuta ya kurudi, kutoka Livingstone hadi Mbeya, itengwe kwenye bahasha yake kabla hamjaondoka, ishikwe na yule asiyeshika mfuko wa pamoja.