Ndoo tatu za maji ya kusuuzia

Nyumba yetu iko Mabatini, Mwanza, juu kwenye mawe. Bomba likikatika, dumu la lita 20 linapanda toka bondeni kichwani mwa mtu. Maji yaliyopandishwa kwa shingo hivyo yanauma kuyamwaga baada ya kuyatumia mara moja tu, na mimi siyamwagi tena: nayachuja, namwagilia mpapai na migomba.

Kazi inaanza kwa kutenga. Nilikosea hapo mwanzoni, nikawa namimina kila kitu kwenye pipa moja. Baada ya siku chache lilinuka kama mtaro, na viluwiluwi vya mbu vinacheza juu. Siku hizi maji ya leo yanaisha leo. Ya kuogea na ya kusuuzia nguo ndiyo ya kuchuja. Povu zito la kwanza nalipeleka chooni. Maji ya kuoshea sato au dagaa yana mafuta na yataziba mchanga wako upesi, kwa hiyo yachimbie shimo kwenye migomba, ulijaze majani makavu, uyamwage humo. Ya nepi, ya nguo za mgonjwa na yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yaende chooni moja kwa moja.

Kichujio ni ndoo mbili za plastiki. Moja itoboe matundu kama kumi chini kwa msumari wa moto, uiweke juu ya nyingine kwa kuikalisha kwenye fito mbili. Ndani tanguliza kokoto ndogo, kimo cha vidole vinne. Kwetu kokoto hazisumbui kupata, kina mama wanazigonga huku huku mlimani. Juu yake weka mkaa uliopondwa ukubwa wa maharage, vumbi lake ulipepete. Tandika kipande cha chandarua kikuukuu, kisha mchanga, ubakize nafasi ya kiganja juu. Funika mdomo kwa kitambaa kitakachonasa nywele na nyuzi.

Mchanga usiingie ziwani kuuchota, kichocho kipo. Mimi naomba kwa mafundi wanaojenga. Na uuoshe kweli: koroga kwenye beseni, maji yatageuka rangi ya chai ya maziwa, mwaga, rudia. Wangu niliuosha mara saba ndipo nikaona ua lililochorwa chini ya beseni. Ukiruka hatua hii, kichujio chenyewe kitakutolea tope.

Kitakachotoka chini kinaweza kuwa cheupe kabisa, lakini si cha kunywa wala kuoshea vyombo. Weka mfuniko, watoto wasikichote.

Kuhusu sabuni, mpapai wangu wa kwanza ndio ulionifundisha. Majani ya chini yalikauka pembezoni, rangi ya tumbaku, na udongo ukagandamana mpaka maji yakawa yanaelea juu yake. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu nyingi, na mkaa hauizuii. Nikahamia sabuni ya mche, tena kidogo, na kila nikimwagilia mara tatu ya maji haya, ya nne natoa maji safi. Masika mvua inafanya kazi hiyo.

Mwagilia kwenye shina, udongo uyanywe, majani usiyaguse. Nyanya, karoti na chochote kinachogusa udongo na kuliwa kibichi, usikipe. Papai linaning'inia juu, halina shida.

Maji yakianza kushuka polepole, kwangua mchanga wa juu unene wa kidole, uoshe, urudishe. Mkaa mimi nabadilisha kila baada ya miezi miwili.

Hata ukikosa mti wa kumwagilia, usiyaachie mtaroni. Huku kwetu mtaro unashuka Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na fosforasi ya sabuni ni chakula cha magugu maji. Wavuvi wanajua yanavyowafungia njia.

Jumamosi tukifua napata ndoo tatu. Moja mpapai, moja migomba, ya tatu inakaa mlangoni pa choo mpaka usiku.