Kabla Hujapakia Vyombo: Namna ya Kuchagua Mtaa wa Kuishi Dar es Salaam

Naendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Kazi yangu ni kuhamisha vyombo vya watu, leo Mbagala kwenda Tegeta, kesho Sinza kwenda Kinyerezi, na mara nyingine napokea mzigo wa mgeni aliyeshuka na basi la mkoani pale Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mitaa ya jiji hili nimeijua kupitia wanaoihama. Tukikwama kwenye foleni, mteja kaketi pembeni yangu, kitanda na jiko la gesi viko nyuma, ananieleza kwa nini anaondoka. Sababu ni zilezile: usafiri, maji, mafuriko, kelele, mwenye nyumba. Sijawahi kumbeba mtu aliyehama kwa sababu ya vigae au rangi ya ukuta, na hivyo ndivyo vitu dalali anavyokuonyesha kwanza.

Kwa hiyo wewe unayekuja, anza na kazi yako ilipo, kisha fuata barabara. Dar inatoka katikati ya mji kwa barabara kubwa nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Mandela na Sam Nujoma zinakatiza katikati. Ukipata chumba kwenye barabara ileile inayokupeleka kazini, umejiokolea mengi. Umbali hapa usiupime kwa kilomita, upime kwa idadi ya magari unayopanda. Tangu 2016 mtu wa Kimara anayefanya kazi Posta, Kariakoo au Morocco ya Kinondoni anapanda basi la mwendokasi, lenye njia yake peke yake, akafika. Akiishi mbele zaidi, Kibamba kwa mfano, mara nyingi itambidi kwanza afike Kimara, ndipo aanze safari.

Usiamini jibu la "usafiri upo". Nenda mwenyewe siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, usimame kituoni. Angalia daladala zinapita zikiwa na nafasi au konda ananing'inia mlangoni. Angalia pia kama watu wanageuza nalo, yaani wanapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti ili lirudi wakiwa wameshapata siti. Ukiona wengi wanafanya hivyo, ujue na wewe utafanya, na utalipa nauli hiyo ya ziada kila siku. Jioni rudia zoezi hilo ukitokea upande wa kazini. Kisha uliza bodaboda kutoka kituoni hadi mlangoni ni shilingi ngapi, asubuhi na usiku, maana bei ya usiku ni nyingine. Zidisha kwa siku zako za kazi ndani ya mwezi. Nimewahamisha watu wengi waliofuata kodi ya chini Chanika na Kivule, wakakuta kile walichookoa kwenye kodi kinaishia kwenye nauli. Kigamboni kuna utulivu, na daraja limefunguliwa tangu 2016, lakini ukiwa na gari lako utalipa tozo ya kuvuka, na anayetegemea pantoni lazima ajue foleni ya kivuko cha Magogoni inavyokuwa jioni.

Maji. Bomba kuwepo uani hakutoshi. Muulize mpangaji, usimuulize mwenye nyumba: maji yanatoka siku gani, saa ngapi, na yakikatika mnanunua wapi? Maeneo ya vilima kama Goba na baadhi ya sehemu za Kimara, nyumba ya bondeni inaweza kupata maji na ya juu yake isipate. Kama ni kisima, onja. Mitaa mingi maji ya kisima ni ya chumvi, utafulia kwa shida na ya kunywa utayanunua. Tazama uani: ukikuta simtanki kubwa, na madumu yamepangwa kwenye kila mlango, hilo ni jibu tosha.

Sasa mafuriko, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mgeni anafika Julai au Agosti, ardhi kavu, upepo mzuri, anaonyeshwa nyumba nafuu karibu na mjini. Anashangaa bahati yake. Masika inaanza Machi. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini kwenye Daraja la Selander, na Mto Ng'ombe unauingia ukitokea upande wa Tandale. Mvua ikipiga huko juu, Jangwani panajaa hata kama kwako ni manyunyu tu. Desemba 2011 watu walifariki kwenye mabonde hayo, na serikali ikawapa baadhi ya walionusurika viwanja Mabwepande. Upande wa Mbagala na Mtoni kuna Mto Kizinga, nao usiudharau.

Dalili mtu anaweza kuzisoma hata wakati wa kiangazi. Tazama kuta kwa ndani: rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini peke yake inaficha alama ya maji. Soketi zilizopandishwa hadi usawa wa kifua zina sababu. Vizingiti virefu mlangoni, viroba vya mchanga pembeni ya uzio, vitanda vya majirani vilivyoinuliwa juu ya matofali, vyote vina sababu hiyohiyo. Mimi huwa natazama makabati tunapoyabeba. Kabati la mbao za kushindilia likiwa limevimba miguuni na kubanduka, najua maji yalifika wapi. Ukiruhusiwa kuingia kwa jirani, tazama lake. Na kama unaweza, subiri mvua kubwa, kisha urudi kesho yake uone barabara.

Nikiambiwa gari halifiki mlangoni, tupaki tu kwa fundi cherehani halafu vyombo vibebwe, namwambia mteja wazi: kirikuu isipofika, na boza la maji halifiki, na gari la wagonjwa halifiki, na zimamoto pia. Kijana mzima anaweza kuishi hivyo. Mwenye mama mzee au mjamzito ndani ya nyumba asikubali.

Kando ya barabara kuu kagua ukuta kama una alama ya X, ile ya nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Ukiuliza utaambiwa ni ya zamani. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nazo zilikuwa na X. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize. Ofisi hiyohiyo itakuambia nyumba ni ya nani hasa, jambo muhimu kwa sababu wapo wanaopokea kodi ya nyumba isiyo yao.

Usiku nenda Ijumaa au Jumamosi. Baa ya jirani ambayo mchana imefungwa, usiku ina spika. Vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, navyo vina mitaa yake. Njia bora kuliko zote ni kulala gesti ya mtaa huohuo usiku mmoja kabla hujalipa kitu. Bei ya gesti ni ndogo mbele ya kodi ya miezi sita ambayo wenye nyumba wengi wanataka mkononi, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Ukilala hapo utajua taa za njiani zinawaka au la, na dada anayerudi kazini saa nne usiku anatembea peke yake au anasubiri wenzake.

Dalali mtumie kutafuta chumba baada ya wewe kuuchagua mtaa. Ukimwachia akuchagulie mtaa, atakupeleka kwenye nyumba alizonazo. Kabla ya kulipa, uliza LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako au mnachangia, na kama mnachangia, mwenye friji analipa sawa na asiye nalo? Ugomvi wa umeme umenipa wateja wengi. Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hivyo kubalianeni nani ataibeba, na iandikwe kwenye mkataba.

Ukishalipa, panga kuhama Jumapili asubuhi, barabara zikiwa wazi. Mwisho wa mwezi kirikuu zinagombewa na bei hupanda, kwa hiyo tafuta gari mapema na mkubaliane kama bei ina wabebaji au haina. Vyombo vikishaingia, siku hiyohiyo ulizia mjumbe anakaa wapi, ukajitambulishe.