Paka ananyonyoka manyoya na hujui kwa nini? Mtenge kwanza

Mpaka daktari wa mifugo aseme vingine, mhesabu kuwa anaambukiza. Huenda ni viroboto tu, huenda ni upele. Cha kuogopa zaidi ni fangasi, maana mtoto aliyempakata anaweza kutoka na choa mkononi au mapunye kichwani, na mbegu za fangasi kwenye unywele ulioanguka hukaa hai hata zaidi ya mwaka.

Chumba kizuri ni choo cha uani au stoo tupu: sakafu ya saruji, mlango unaofungika, dirisha lenye wavu. Toa mkeka, mito, na hasa msala, maana paka hupenda kuulalia. Feni usiwashe hata joto likizidi. Inapeperusha manyoya mpaka ukumbini. Mtilie boksi la karatasi lenye kipande cha kanga kuukuu, maji, chakula, na beseni la mchanga mkavu. Mchanga wa pwani una chumvi, hauishi unyevu. Boksi utalichoma baadaye.

Walishe paka wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho. Vaa glavu, na nguo moja ya kazi hiyo ining'inie nyuma ya mlango, isitoke.

Fagio halifai humo, linarusha manyoya. Yaokote kwa kitambaa kibichi kila siku, sugua sakafu kwa sabuni, suuza, kisha pitisha JIK: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, ikae mbichi dakika 10, usuuze tena. Paka awe kwenye kikapu nje ya chumba mpaka pakauke. Palipo na mkojo osha kwa maji tele kabla ya JIK, vikikutana hutoa hewa ya sumu. JIK ni ya sakafu, si ya paka. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji ziache kabisa, ni sumu kwake.

Sasa mtazame. Mchane mgongoni karibu na mkia juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vidoadoa vyeusi vikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu. Ukoko mzito ukingoni mwa masikio pamoja na kujikuna kusikokoma huelekea upele. Kipara cha mviringo chenye magamba, shuku fangasi. Hata hivyo macho hudanganya, na viroboto havizuii fangasi kuwepo.

Usimpake kitu. Mafuta ya karafuu, tuliyoyazoea kwa jino, ini la paka haliyawezi. Dawa ya upele ya binadamu na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin zinaweza kumuua. Hata mafuta ya nazi, ambayo hayana sumu, yanafunika magamba ambayo daktari anataka kuyakwangua.

Asipokula siku nzima, mpeleke haraka. Wenzake wakague kila siku kwa wiki 3, maana fangasi huchelewa kujitokeza. Kama ni fangasi, matibabu huchukua wiki kadhaa, na manyoya kuota si ruhusa ya kumfungulia: anaweza bado kuwa anadondosha mbegu.